Kabla ya kutunga kwa njia ya Arvo Pärt, jifunze kuhesabu silabi

Anayesikia muziki wa Arvo Pärt mara ya kwanza hudhani ni kazi nyepesi: noti chache, mwendo wa pole, ukimya mwingi. Akikaa mezani kuiga, mistari mitatu tu na wimbo umeshapwaya. Kasoro huwa ileile. Ameiga sauti inayosikika, hakuiga kanuni iliyoizaa, na kwa mtunzi huyu kanuni ndiyo wimbo wenyewe.

Pärt alizaliwa Paide, Estonia, mwaka 1935. Kuanzia 1958 hadi 1967 alikuwa fundi wa sauti wa redio mjini Tallinn, huku akitunga kwa mtindo wa safu ya noti 12 (noti zote 12 hupangwa katika mfuatano mmoja unaotawala wimbo) ambao wakubwa wa Kisovieti hawakuupenda. Mwaka 1968 kazi yake *Credo* ilizua zogo, maana ilikiri imani ya Kikristo hadharani. Husemwa kwamba baada ya hapo alinyamaza miaka 8. Si kweli kabisa, Simfonia yake ya 3 ni ya 1971. Ila muda mwingi aliutumia kusoma nyimbo za kale za kanisa za Kigregori na kujaza madaftari kwa mstari mmoja wa sauti. Kipande cha kwanza cha mtindo mpya, *Für Alina* cha piano, kilitoka 1976. Kwa hiyo usikate tamaa wiki ya pili.

Mtindo wenyewe unaitwa tintinnabuli, kutokana na neno la Kilatini la kengele ndogo. Zipo sauti mbili. Ya kwanza, tuiite M, hupanda au kushuka ngazi hatua kwa hatua, bila kuruka. Ya pili, T, hairuhusiwi kuimba chochote isipokuwa noti 3 za kordi ya nyumbani, yaani noti zinazolia pamoja zilizojengwa juu ya noti ambayo wimbo hutulia. Kila M inapoimba noti, T huchukua noti ya kordi iliyo karibu nayo, juu au chini kama ulivyoamua tangu mwanzo, na haikai kamwe kwenye noti ileile ya M. Mkewe, Nora, aliifupisha kwa hesabu ya ajabu: 1 + 1 = 1, yaani sauti mbili, wimbo mmoja.

Tuifanye kwa solfa, kwa kuwa wengi wetu tumelelewa kwenye kwaya. Chukua "Bwana utuhurumie". Doh ni C, nyumbani ni l (la), kwa hiyo kordi ni l, d, m (la, doh, mi); alama ' ni noti ya oktava ya juu. Kanuni tunayojiwekea: M ya kila neno ishuke na kutua kwenye l, na neno lenye silabi nyingi lianzie juu zaidi. T ichukue noti ya kordi iliyo karibu kwa chini.

Bwa – na
M: t – l
T: l – m

U – tu – hu – ru – mi – e
M: f' – m' – r' – d' – t – l
T: m' – d' – d' – l – l – m

Angalia "u" ya kwanza: f' juu ya m', nusu toni (hatua ndogo kuliko zote kwenye kinanda), inachoma. Hapo ndipo wanafunzi wengi huharibu. Wanaibadilisha T iwe d' ili "ipendeze", na tayari wimbo umekuwa kama mwingine wowote wa Jumapili. Iache ichome. Ukali huo hulegea silabi inayofuata, m' na d' zinapokutana, na ladha yote imo kwenye kulegea huko.

Ukiona kuna jambo lisilopendeza, badilisha kanuni na uandike upya kuanzia mwanzo. Usibandike kiraka kwenye noti moja.

Muda wa noti nao utoke kwenye maneno. Mfano: kila silabi pigo 1, silabi ya pili kutoka mwisho ya neno la mwisho mapigo 2, silabi ya mwisho ya kifungu mapigo 3, koma pigo 1 la kimya. Kiswahili kinafaa sana kwa hili, kwa kuwa mkazo wetu karibu kila mara huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo kanuni moja inatosha. Kifungu chetu kinatoka mapigo 11 kabla ya kimya. Usikilazimishe kuingia kwenye 4/4; chora mstari wa bar baada ya kila neno, basi.

Hesabu silabi kwa kutamka, si kwa macho. "Mtakatifu" ni silabi 5, kwa sababu m ya mwanzo inasimama peke yake. "Nchi" ni 2. "Mbingu" ni 2 pia, mbi-ngu, na "Mwokozi" ni 3. Ukikosea silabi moja, M inaanzia noti isiyo yake na T yote inahama.

Kanuni ya namna hii hubeba hata okestra nzima. *Cantus* ya 1977, ya kumkumbuka Benjamin Britten aliyefariki Desemba 1976, ni ngazi ya A ndogo (A minor) inayoshuka kwenye vyombo vya nyuzi, na kengele moja. Ngazi huanza na noti 1, kisha 2, kisha 3, na kuendelea. Tabaka ni 5, kila moja ikienda nusu ya kasi ya lililo juu yake, hivyo la chini kabisa ni polepole mara 16 kuliko la juu. Nota zake huchapishwa na Universal Edition ya Vienna na hakimiliki bado ipo, kwa hiyo zinunuliwe, zisipigwe fotokopi. Kanuni za ngazi na kordi hazina mwenyewe.

Kwenye mazoezi, tatizo la kwanza ni kushuka toni. T ndiyo hushuka, kwa kuwa waimbaji huchoka kurudia noti tatu zilezile. Wape T watu wenye masikio makini, si wageni wa kwaya. Noti ndefu wapokezane pumzi, watu wawili jirani wasivute pamoja. Sauti iwe nyoofu, bila kutetemeshwa, la sivyo ile nusu toni inageuka tope. Kinanda kikisaidia kutafuta toni, kizimwe baada ya hapo. Mlio wa "strings" unaovutwa chini ya kwaya hufunika kimya chote ulichokihesabu.

Na ukumbi upimwe kwa kupiga kofi moja. Kanisa la mawe lenye dari refu litarudisha mwangwi, na koma ya pigo 1 itatosha. Chini ya bati na dari fupi, kofi linakufa papo hapo: ongeza mwendo kidogo, punguza vimya. Mwishoni mkono wa mwongoza kwaya ubaki juu mpaka mwangwi uishe, na mpiga kinanda aonywe mapema asiingie na wimbo wa sadaka.