Muulize wazi, na usimwache peke yake

Assalaam aleykum dada. Umeeleza kuwa mdogo wako amekukimbilia kwa vipigo vya mumewe, siku ya tano leo hali chakula, usingizi hapati, na jana alfajiri kakwambia "bora nife nipumzike". Wazee wanasema ana sheitani, atibiwe kisha arejeshwe kwa mumewe. Nakujibu kwa yaliyonipata mie mwenyewe, miaka sita nyuma, hapa hapa Pemba.

Hilo neno la alfajiri usilipite. Mie nililisema mara tatu, kila mara naambiwa "astaghfirullah, usikufuru". Nikanyamaza, na ndani ya kimya kile ndimo nilimopanga kujiua. Aliyeniuliza ni mshauri wa Mkono kwa Mkono, kituo cha kuwasaidia waliofanyiwa ukatili, hospitali ya Chake Chake. Alifunga mlango, akavuta kiti akakaa ubavuni mwangu, akasema: "Mwanangu, unafikiria kujiua? Umeshapanga?" Pindo la mtandio nilikuwa nimelikunja kidoleni mpaka kidole kimekufa ganzi. Nikamtajia nilichokificha na nilipokificha, nikalia kilio ambacho sikukilia hata siku za kipigo. Hakunihubiria. Alimwita dada yangu, na jioni ile kitu kile kikatoka nyumbani.

Kwa hiyo muulize leo. Hutampandikiza wazo, analo tayari. Ondoa dawa na sumu zote mlizonazo, usiku alale na mtu. Akisema ameshapanga, mpeleke hospitali leo leo, hata kama ni usiku.

Usimuulize "ulimfanya nini?" wala "mbona ulikuwa ukirudi?" Muulize kama aliwahi kukabwa koo. Mume anayekaba anaweza kuua, na aliyekabwa aonwe na daktari hata kama shingoni hakuna alama. Mumewe asijue alipo, maana siku hizi za mwanzo za kuondoka ndizo za hatari zaidi. Pale Mkono kwa Mkono daktari, mshauri na polisi wako pamoja, hatolazimika kusimulia aibu ile kila mlango. Kama aliingiliwa kwa nguvu, kuna dawa ya kukinga virusi vya Ukimwi, huanzwa kabla ya saa 72 kupita; hata kama zimeshapita, mpeleke.

Kuhusu sheitani: hata mie nilisomewa, baba mdogo alinisomea Qur-ani na moyo ulitulia. Lakini nilikuwa na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, nikapewa vidonge. Wiki mbili za mwanzo sikuona tofauti, nikataka kuvitupa. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa, asiache bila kumuuliza daktari, na yeyote atakayemwambia aache mfungieni mlango.

Kama hana mpango wa kujidhuru na leo hataki kutoka, usimburure. Mpikie uji mwepesi, kaa naye, kesho muulize tena. Mie nilikubali siku ya nne. Siku tatu zote dada yangu alikuwa amekaa kizingitini mwa chumba, anachambua mchele, hasemi kitu, haondoki.