Usizime swapu kwa kuihurumia SSD

Ilikuwa tarehe 28, saa tatu asubuhi, siku ambayo wanachama wa SACCOS moja ya Morogoro huja kwa wingi kufuata mikopo yao. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, ndani ya daladala, simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mfumo hauingii kabisa, na watu wamejaa mpaka barazani. Niwaambie nini?"

Ni mhazini wao, mama mtu mzima ambaye hapigi simu ovyo. Nikashuka kituo kilichofuata, nikaomba benchi kwa mama ntilie, nikafungua laptopu. Mfumo ulikuwa unalalamika kwamba umeshindwa kuifikia hifadhidata. Nikaingia kwenye seva, nikaandika `dmesg`, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli (kiini cha mfumo wa Linux), na karibu na mwisho nikaukuta mstari unaoanza na maneno `Out of memory`, jina la mysqld, yaani programu ya hifadhidata, likiwa kwenye mabano.

Kerneli ilikuwa imeishiwa RAM, kumbukumbu ya kazi. Ikifika hapo huchagua programu ya kuua, na kwa kawaida kura humwangukia aliyeshika kumbukumbu nyingi kuliko wenzake. Kwenye seva ya namna hii huyo ni hifadhidata. Systemd, msimamizi wa huduma za seva, ikajaribu kuiinua tena, ikashindikana. Logi ya MariaDB, ndiyo hifadhidata yenyewe, iliandika `Cannot allocate memory for the buffer pool`. PHP, inayoendesha mfumo wao, ilikuwa imeshaijaza RAM yote.

Nikaandika `free -h`. RAM GB 2, imetumika karibu yote. Mstari wa Swap ulisoma sifuri, sifuri, sifuri. Swapu ni nafasi kwenye diski ambako kerneli huhamishia vilivyomo kwenye RAM visivyotumika, na SSD ni diski ya flashi, isiyo na kitu kinachozunguka. Swapu hiyo niliizima kwa mkono wangu miezi michache kabla, baada ya kusoma kwamba swapu inaua SSD.

Ushauri ule bado unazunguka, na vijana wanaoanza kazi hii huniuliza kila mara, kwa hiyo acha nieleze nilichojifunza tangu asubuhi ile.

Hofu yenyewe ina chanzo cha kweli. Seli za flashi, vichembe vinavyohifadhi data ndani ya SSD, huchakaa kila zinapofutwa na kuandikwa upya. Zile za SLC, zinazobeba biti moja kila moja, zilihesabiwa kuvumilia mizunguko kama 100,000; TLC, zinazobeba biti tatu, ambazo ndizo zimejaa madukani, huvumilia elfu moja hadi elfu chache tu. SSD za mwanzo zilikuwa za GB 32 au 64, seli chache, na mtu aliyezihurumia alikuwa na haki. Lakini kidhibiti cha SSD hutawanya maandishi kwenye seli zote ili zisichakae upande mmoja, na diski zenyewe zimekuwa kubwa. Chukua Samsung 860 EVO ya GB 500, SSD ya kawaida kabisa ya SATA. Dhamana yake ni miaka 5 au TB 300 za kuandikwa, kimojawapo kikitangulia.

Sasa piga hesabu. Una swapu ya GB 2. Tuseme inajaa na kumwagwa yote mara 10 kila siku, jambo ambalo seva yenye afya hailifanyi. Hizo ni GB 20 kwa siku, TB 7.3 kwa mwaka. Gawanya 300 kwa 7.3, unapata miaka 41. Utakuwa umeibadilisha seva yote mara kadhaa kabla swapu haijaimaliza ile diski.

Igeuze upande wa pili. Endesha `vmstat 1` uangalie safu mbili: `si` ni kinachorudi kutoka kwenye swapu kwenda RAM, `so` ni kinachotoka RAM kwenda kwenye swapu, kwa kilobaiti kila sekunde. (Mstari wa kwanza uache, ni wastani tangu seva iwashwe.) Ukiona `so` imekaa kwenye 20,000 na haishuki, hiyo ni kama MB 20 kila sekunde, yaani zaidi ya TB 1.7 kwa siku. TB 300 zinakwisha ndani ya miezi sita.

Kumbe hofu ina ukweli, ila watu wanaielekeza kusiko. Swapu iliyopo na imetulia haina madhara kwa SSD. Swapu inayopandisha na kushusha mchana kutwa ndiyo inayoila, na hata hapo SSD si ya kwanza kuumia. RAM hujibu kwa nanosekunde kama 100, SSD ya NVMe (aina yenye kasi kuliko za SATA) kwa maikrosekunde kama 100, diski ya kuzunguka kwa milisekunde kama 10. SSD ni kasi sana ukiilinganisha na diski ya zamani, lakini ukiiweka mbele ya RAM iko nyuma mara elfu moja. Seva inayoishi ndani ya swapu itachosha watumiaji siku ile ile, na diski ikiwa bado nzima.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua wakati ule, nalo ndilo lililonibadilisha kabisa. Kuzima swapu hakuizuii kerneli kuhamisha kumbukumbu. Kunaifunga mkono mmoja tu. Programu nyingi hupakia vitu zinapoanza kisha hazivigusi tena. Kerneli huvigawa katika vipande viitwavyo kurasa, KB 4 kila moja. Kurasa hizo hazina faili nyuma yake, na bila swapu hazina pa kwenda, zinabaki zimekalia RAM. RAM ikibana, kilichobaki cha kutupwa ni kurasa za mafaili, pamoja na msimbo wa programu zinazofanya kazi wakati huo huo. Zinatupwa, zinahitajika, zinasomwa tena kutoka kwenye diski, zinatupwa tena. Nimeona seva isiyo na swapu hata kidogo ikiganda hivyo dakika nzima, taa ya diski haizimi, kabla kerneli haijaamua kuua kitu.

Pale kwenye benchi nilifanya hivi, yaani kutengeneza faili la GB 2, kulifungia wengine, kuligeuza swapu, kisha kuliwasha:

`sudo dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=2048`
`sudo chmod 600 /swapfile`
`sudo mkswap /swapfile`
`sudo swapon /swapfile`

Kisha nikawasha MariaDB, ikainuka. Kutoka simu ilipoita hadi mama aliponiambia "umerudi" ilikuwa kama dakika ishirini.

Wengine hutumia `fallocate` badala ya `dd` kwa sababu ni ya papo hapo. Inafaa kwenye ext4, lakini kwenye baadhi ya mifumo ya mafaili `swapon` huikataa ikisema faili lina mashimo, ndiyo maana nikiwa na haraka natumia `dd`. Kwenye Btrfs kuna taratibu zake za ziada, soma kwanza. Usiruke ile `chmod 600`: ndani ya swapu mnaweza kukaa nywila na taarifa za wanachama, na mtu mwingine kwenye seva asiweze kulisoma faili hilo. Kisha weka mstari kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski za kuunganishwa seva inapowaka, la sivyo swapu itapotea seva ikiwashwa upya:

`/swapfile none swap sw 0 0`

Faili au pateshoni, yaani kipande cha diski kilichotengwa? Tangu kerneli 2.6 kasi ni ile ile. Faili ni rahisi kupanua au kufuta.

Kuhusu ukubwa, ile kanuni ya "mara mbili ya RAM" ni ya zama ambazo RAM ilihesabiwa kwa megabaiti. Kwa seva ya GB 2 naweka GB 2. Kwa ya GB 16 au 32 naweka 4 na sijawahi kujuta.

Sehemu inayochanganya watu zaidi ni `vm.swappiness`, mpangilio wa kerneli kuhusu swapu. Chaguo-msingi ni 60, na wengi hudhani maana yake ni swapu kuanza kutumika RAM ikifika asilimia fulani. Sivyo. Ni mizani: kerneli ikitaka nafasi, itoe kwa kiasi gani kurasa za programu na kwa kiasi gani kurasa za mafaili. Kuweka 0 hakuzimi swapu, kunaisogeza tu hadi dakika ya mwisho. Kwenye seva za hifadhidata naweka 10:

`echo 'vm.swappiness=10' | sudo tee /etc/sysctl.d/99-swapu.conf`
`sudo sysctl --system`

Na kama diski ni SSD, angalia pia `vm.page-cluster`. Kwa kawaida ni 3, maana yake kerneli ikirudisha ukurasa mmoja kutoka kwenye swapu huvuta kurasa 8 kwa mkupuo. Ilifaa kwa diski ya kuzunguka, ambayo kusogeza kichwa ndiko kulikokuwa na gharama. SSD haina kichwa cha kusogeza, kwa hiyo naiweka 0, tusibebe tusichokihitaji.

Niliyoyasema hadi hapa yasikufanye uone swapu ni dawa ya kila kitu. Mwaka mmoja baadaye niliitwa kwenye ofisi nyingine yenye seva yao wenyewe chini ya meza, RAM GB 16. Aliyenitangulia alikuwa ameweka swapu ya GB 32. Hakuna kilichowahi kuuawa, na malalamiko yalikuwa ya aina moja: ripoti ikifunguliwa, unaenda kunywa chai. `vmstat` ikaonyesha `si` na `so` zote mbili juu, haziteremki, na safu ya `wa` ikisema prosesa inasubiri diski tu. Chanzo kilikuwa programu ya Java ya kutengeneza ripoti, iliyokuwa inavujisha kumbukumbu kila siku. Swapu kubwa ile iliificha kwa majuma. Kama ingekuwa ya GB 4, programu ingeanguka mapema na mtu angeuliza kwa nini.

Tulipunguza swapu, tukaiwekea Java kikomo kwa `-Xmx`, na kwenye faili la systemd la huduma ile tukaongeza `MemoryMax=` ili ikivuja tena ife yenyewe bila kuivuta hifadhidata. Halafu nikaitazama afya ya SSD kwa `smartctl -a`. Kwenye diski za Samsung za SATA tafuta mstari `Total_LBAs_Written`, uzidishe kwa 512 upate baiti. Kwenye NVMe soma `Percentage Used`, inakuambia moja kwa moja. Diski ilikuwa imechakaa kuliko umri wake. Tukaagiza nyingine.

Kwenye seva ya kukodi, SSD si yako na uchakavu wake hauuoni, lakini kasi yake unagawana na wengine au umepimiwa. Mfano ni diski za gp2 za AWS, huduma ya seva za kukodi ya Amazon: ndogo ya GB 8 ina haki ya kudumu ya operesheni 100 kwa sekunde. Inaweza kupanda hadi 3,000, lakini kwa akiba, na akiba hiyo ikitumiwa kwa kasi ya juu huisha ndani ya nusu saa hivi. Swapu ikipandisha na kushusha hapo, utaona seva iko sawa asubuhi kisha inalala ghafla bila sababu inayoonekana. Mahali kama hapo napenda zram, inayobana kurasa na kuziweka ndani ya RAM hiyo hiyo bila kugusa diski. Unalipa kwa prosesa kidogo. Fedora, moja ya mifumo ya Linux, waliiweka kuwa chaguo-msingi tangu toleo la 33, mwaka 2020.

Kama taarifa ni nyeti, kitu kimoja zaidi. Kwa sababu SSD hutawanya maandishi, kuandika juu ya faili la swapu hakuhakikishi kwamba yaliyokuwemo yamefutika. Nakala inaweza kubaki kwenye seli ambazo huzifikii. Tumia pateshoni ya swapu iliyosimbwa kupitia `/etc/crypttab`, ufunguo ukichukuliwa `/dev/urandom` kila seva inapowashwa. Seva ikizimwa, ufunguo umepotea na yaliyomo hayasomeki tena. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hili huwa nawaambia wateja wangu wa Tanzania siku ya kwanza, kabla diski haijauzwa kwa fundi wa mtaani.

Seva ya Morogoro bado ina RAM GB 2 na swapu GB 2. Nilipunguza pia `pm.max_children`, idadi ya michakato ya PHP inayoruhusiwa kwa wakati mmoja, maana bila hilo tungejaza hata hiyo swapu. Kila tarehe 28 saa tatu asubuhi huwa nafungua `vmstat 1` pembeni. `so` huruka mara moja mbili mlango ukifunguliwa, kisha inarudi sifuri.