Amri ya mdomo haina mhuri: maswali yenu kuhusu haki ya kusema

Barua za mwezi huu zimetoka mwaloni, sokoni na vijijini huko Kasulu na Uvinza, na karibu zote zinalalamikia jambo moja: kiongozi wa kijiji, kata au wilaya kamwambia mtu anyamaze. Zile zinazouliza "nipate wapi kibali cha kutoa maoni" nimeziweka kando. Kibali hicho hakipo. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania imeshakupa haki hiyo, na nimelisema hilo mara nyingi mno.

Mtendaji wa kata amenipigia simu nisiongelee tena ushuru wa dagaa. Naweza kwenda mahakamani? (Kibirizi)

Unaweza, lakini utampelekea jaji nini? Hapa ndipo tunapokwama kila siku. Barua ina jina, tarehe na mhuri, kwa hiyo inaweza kutenguliwa. Viongozi wengi wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana wanapiga simu au wanamtuma mgambo. Nanyi mnatii, kisha mnaniandikia miezi minane baadaye.

Usibishane naye kwenye simu. Mwandikie: tarehe fulani, saa fulani, ulinipigia ukaniagiza nisizungumzie ushuru wa mwalo; naomba nijue ni kwa sheria ipi, au kwa sheria ndogo ipi ya halmashauri. Nakala iende kwa mkurugenzi. Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Akijibu, una uamuzi mkononi. Asipojibu, una ushahidi kwamba uliuliza.

Ukishakuwa na uamuzi, nenda Mahakama Kuu uombe iupitie kwa njia ya mapitio ya kimahakama: itengue amri hiyo kwa kuwa mtendaji hana mamlaka nayo, au kwa kuwa hukusikilizwa. Kwanza unaomba ruhusa ya kuleta maombi hayo, na ruhusa huombwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi utolewe. Miezi sita, si mwaka. Wazee wetu walilazimika kupanda treni hadi Tabora kwa kesi za namna hii. Leo Mahakama Kuu ipo hapa hapa Kigoma, na tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Kisingizio cha umbali na Kiingereza kimekwisha.

Si bora niruke hayo yote nifungue shauri la Katiba moja kwa moja? (Mwanga)

Si bora. Ibara ya 30 inakuruhusu, lakini sheria inayosimamia mashauri ya haki za msingi inaitaka Mahakama Kuu isilishughulikie shauri kama kuna njia nyingine ya kutosha ambayo hujaitumia. Marekebisho ya 2020 yaliongeza sharti: uape kiapo kinachoonyesha jinsi jambo hilo lilivyokuathiri wewe binafsi. Mimi naona sharti hilo linabana mno, maana Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuitetea Katiba. Hata hivyo ndiyo sheria iliyopo. Ukiipuuza, shauri lako litatupwa kabla hujasikilizwa, na kiongozi atatangaza mtaani kwamba ameshinda.

Nahitaji ruhusa ya serikali ili niishtaki halmashauri? (Kasulu)

Hapana. Sharti hilo lilibatilishwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1993 katika shauri la Kukutia Ole Pumbun. Kinachotakiwa kwenye kesi ya madai, mfano ya fidia, ni notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe. Ukimsahau, kesi inakufa.

Mkuu wa wilaya anaweza kuniweka ndani saa 48 kwa sababu nimemkosoa mkutanoni? (Uvinza)

Kwa kumkosoa, hapana. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inazungumzia mtu aliyetenda kosa, au anayeelekea kuvunja amani kiasi kwamba hakuna namna ya kumzuia isipokuwa kumkamata. Swali gumu la mwananchi si uvunjifu wa amani. Tena saa 48 ni kikomo cha kukufikisha kwa hakimu. Si adhabu, ingawa wengi wanazitumia kama adhabu, na ni aibu kwamba wananchi wamezoea hadi wanazitania. Ndugu zako waandike saa uliyokamatwa, kituo, na nani alitoa amri. Saa zikipita hujafikishwa kwa hakimu wala hujaachiwa, wakili aende Mahakama Kuu siku hiyo hiyo kuomba uletwe mbele yake.

Halmashauri inatishia kunishtaki kwa kuichafua jina. Nimesema fedha za choo cha soko zimeliwa. (Ujiji)

Uingereza, mwaka 1993, halmashauri ya Derbyshire ililishtaki gazeti kwa kashfa. House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa huko, ikasema chombo cha serikali kilichochaguliwa na wananchi hakina haki ya kufungua kesi ya kashfa, kwa sababu lazima kiwe wazi kukosolewa. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini wakili wako anaweza kuuweka mbele ya jaji kama hoja ya kushawishi, na ningependa sana uwekwe.

Sasa onyo ambalo hukuliomba. Diwani au mweka hazina ni mtu, naye ana haki ya kukushtaki kwa jina lake. Ukiandika mtandaoni kwamba fulani kaiba, na huna karatasi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakungoja. Kwanza iombe halmashauri mapato na matumizi ya mradi huo kwa maandishi: Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa siku 30 kujibu. Na acheni matusi. Hakuna wakili anayefurahia kutetea tusi.

Polisi wanasema mkutano wetu wa wafanyabiashara unahitaji kibali. (Gungu)

Taarifa, si kibali, na itolewe saa 48 kabla. Suala la kibali Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alilimaliza Dodoma kwa kulibatilisha sharti hilo, katika kesi ya Mchungaji Mtikila dhidi ya serikali.

Twende Mahakama ya Afrika pale Arusha? (Kibondo)

Mlango huo mtu binafsi wa Tanzania amefungiwa. Serikali iliondoa tamko lake la kuwaruhusu watu binafsi kuishtaki huko Novemba 2019, nalo likakoma mwaka uliofuata. Kuliondoa lilikuwa kosa kubwa, na litarekebishwa tu tukiendelea kudai. Mahakama ya Afrika Mashariki, hapo hapo Arusha, bado iko wazi. Mwaka 2019 ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari vinakiuka mkataba wa Jumuiya. Muda wa kufungua shauri huko ni miezi miwili tu.

Sina hela ya wakili. (Buhigwe)

Muulize ofisa ustawi wa jamii au msajili wa msaada wa kisheria. Kuna sheria ya mwaka 2017 kwa ajili yako. Msaidizi wa kisheria atakuelekeza na kukusaidia kuandaa barua, ila hawezi kusimama mahakamani kwa niaba yako. Jihadhari na vishoka wanaozungukazunguka nje ya mahakama. Akichukua pesa ya kufungua shauri akashindwa kukupa stakabadhi ya mahakama, mripoti siku hiyo hiyo.