Jibu la swali la wiki: vani ndogo iliyotumika, uliza kwanza ilikuwa inafanya kazi gani

Mhariri, wiki hii mmeuliza mtu mwenye bajeti ndogo achagueje vani ndogo iliyotumika ambayo haitamlaza njiani. Hili swali siwezi kuliacha lipite maana naona watu wanachukua hela walizojibana miaka wanaziweka kwenye gari baada ya kuuliza maswali mawili tu, ya mwaka gani na imetembea ngapi. Mimi nasema swali la kwanza liwe hii gari ilikuwa inafanya kazi gani. Vani hainunuliwi ikae getini, inanunuliwa ifanyishwe kazi, na hiyo kazi ndio inaamua wewe unayeipokea unapokea nini.

Chukua vani mbili. Moja ina kilomita 200,000 za barabara kuu, dereva mmoja, mzigo wa wastani. Nyingine ina 90,000 lakini zote za kugawa vifurushi mjini, simama ondoka simama ondoka, injini inazimwa na kuwashwa kutwa nzima, klachi haipumziki, mlango wa pembeni unavutwa na kubamizwa kila nyumba. Mimi nachukua ya 200,000 bila kusita, ilimradi karatasi za sevisi zipo na zinafuatana. Injini inachakaa zaidi ikiwa ya baridi, na gari ya safari fupi fupi mara nyingi inazimwa kabla haijapata moto vizuri.

Alafu namba za dashibodi zinarudishwa nyuma, hilo fundi yeyote atakwambia, kwa hiyo usizisome kwenye dashibodi peke yake, zisome kwenye mwili wa gari. Angalia raba ya pedeli ya klachi na ya breki, kama imelika mpaka chuma kinachungulia na muuzaji anasema elfu sitini, hapo kuna uongo. Angalia ubavu wa kiti cha dereva, ule upande wa mlango anapojiburuza kushuka, na kitasa cha gia. Mlango wa pembeni unaoteleza ndio shahidi mzuri kuliko wote, ufungue polepole uone kama unashuka chini ukifika mwisho au unakwama katikati, maana vigurudumu na reli zake zinalika kwa kufunguliwa na sio kwa kilomita.

Kuhusu aina ya gari, ziko za injini chini ya viti vya mbele zinazosukumwa na matairi ya nyuma, kama Suzuki Every, Toyota TownAce na Mazda Bongo, na ziko za injini mbele zinazovutwa na matairi ya mbele, kama Nissan NV200, Renault Kangoo, Citroën Berlingo na ndugu yake Peugeot Partner, Volkswagen Caddy. Kama kazi yako ni milima na mzigo mzito, za nyuma zinakufaa maana uzito ukiegemea nyuma matairi yanashika zaidi, wakati zile za mbele zikipakiwa sana nyuma zinapanda zikiteleza. Lakini za mbele zina sakafu ya chini, mgongo utashukuru kila siku ya kupakia. Every ni 660cc na imetengenezwa kubeba kilo 350, basi, ukiipakia kilo 600 kila siku usije ukasema gari mbovu. Kabla hujapenda muundo wowote pima mzigo wako kwa kilo, sio kwa macho.

Sasa petroli au dizeli. Kwa bajeti ndogo na kazi za mjini mimi nasema petroli, isiyo na tabo (kile kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), gia za mkono, na injini ya cheni ya taimingi, ile inayozungusha vali za injini, badala ya mkanda unaotakiwa kubadilishwa kila baada ya muda. NV200 ya petroli 1.6 ni ya cheni, TownAce ya 1.5 pia ya cheni. Dizeli ni nzuri sana kwa mtu wa safari ndefu, ila dizeli za miaka ya karibuni zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi na kile kichujio kinajisafisha kwa moto wa mwendo mrefu, ukizunguka mjini tu kinaziba, na hapo ndio unaanza kutafuta hela ambazo hukupanga. Ongeza nozeli zinazorushia dizeli ndani ya injini, na tabo, kila kimoja kikifa kinaweza kumaliza akiba yote. Dizeli ya Kangoo ya 1.5 inakula mafuta kidogo na inasifiwa kwa haki, lakini ina mkanda, kwa hiyo bila ushahidi kwamba mkanda umebadilishwa hesabu kwamba haujabadilishwa. Kuna pia mikanda inayozunguka ndani ya oili, kama ya petroli 1.2 PureTech iliyofungwa kwenye Berlingo na Partner za kuanzia 2018, oili ikicheleweshwa ule mkanda unameguka na vipande vinaenda kuziba pampu ya oili. Hiyo kwa bajeti ndogo mimi naiacha.

Kwenda kuangalia gari nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka mkono juu ya injini, ikiwa ya moto sema utarudi kesho, usione aibu, maana injini ya moto inaficha mambo. Iwashwe ukiwa umesimama karibu, sikiliza zile sekunde za kwanza, cheni iliyolegea inapiga kelele ya kukwaruza kisha inanyamaza oili ikipanda. Angalia moshi, wa bluu inakula oili, mweusi inachoma mafuta mengi kupita kiasi, mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto ina maana maji yanaingia ndani na hapo gasketi ya silinda hedi (kile kichwa cha juu cha injini) au hedi yenyewe ina shida. Kabla haijawashwa, injini ikiwa bado ya baridi, fungua kifuniko cha oili na cha maji, ukikuta oili imekuwa kama uji wa maziwa funga uende zako. Ikishawashwa iache iwake dakika ishirini hivi imesimama mpaka feni ya rejeta ijiwashe yenyewe, watu wengi hawana subira na hapa, na ndipo gari za kuchemsha zinapojitaja. Kwa zile za injini chini ya kiti hili ni la lazima kabisa, inua kiti uangalie mabomba ya maji na alama za uvujaji, maana sehemu ile haionekani na wenye gari wengi hawaifungui.

Nyuma kwenye mizigo inua zulia au ubao wa sakafu, ukikatazwa kuinua umeshapata jibu. Chini yake ndipo kutu inapokaa, hasa gari iliyobeba samaki au chumvi au mbolea. Lala chini uangalie chesisi kwa tochi, rangi nyeusi mpya iliyopigwa chini ya gari kuukuu inaficha kitu, gonga kwa bisibisi usikie kama bati ni zima. NV200, na Caddy za 2004 mpaka 2020, zina springi za vipande vya vyuma vilivyolaliana nyuma, angalia kama kuna kilichopasuka au zimelala. Partner na Berlingo za mwanzo, zile zilizotoka 1996, simama nyuma mita chache uangalie matairi, yakiwa yameinamia ndani kwa juu bearing za ekseli ya nyuma zimekwisha na hiyo sio kazi ndogo. Tairi zenyewe zina namba nne za tarehe, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, zikiwa nzuri kwa macho lakini za zamani hesabu seti mpya.

Kuiendesha tupu hakutoshi! Hii nasisitiza sana maana karibu kila vani inaenda vizuri ikiwa tupu. Omba upakie watu wanne watano kama viti vipo au magunia machache, tafuta mlima, weka gia ya juu mwendo mdogo ukanyage mafuta, injini ikipanda kelele na gari haiongezi mwendo klachi imekwisha. Shuka na huo mlima usikie breki. Kata kona mpaka mwisho wa usukani polepole, kwenye za mbele ukisikia ka-ka-ka hizo ni sivi joint, vile viungio vya ekseli vinavyozungusha matairi ya mbele, zimechakaa.

Lete fundi wako mwenyewe, umlipe wewe, asiwe anamjua muuzaji. Awe na mashine ya kupima kompyuta ya gari na aangalie pia kama makosa yamefutwa juzi juzi, maana yakiwa yamefutwa mashine inaonyesha vipimo vya gari bado havijakamilika. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ya kwenye kadi herufi kwa herufi, na jina kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia au awe na maandishi ya mwenyewe.

Na hela. Ukiwa na fungu lako, toa moja ya tano uweke pembeni kabla hujaanza kuangalia gari, alafu tafuta gari kwa kilichobaki. Muuzaji asijue kwamba hiyo nyingine ipo. Siku ya kwanza ukiwa na gari, tumia hela hiyo ya pembeni kubadilisha oili na filta, maji ya rejeta, maji ya breki, oili ya gia, na kama ni ya mkanda na huna karatasi badilisha mkanda pamoja na pampu ya maji kwa wakati mmoja, maana kwenye injini nyingi za mkanda pampu iko hapo hapo nyuma yake na utalipia ufundi mara moja tu.