Kutathmini uwezo wa nchi wa kudhibiti viumbe vamizi: ushauri kutoka Tanga kwa wanaoanza

Anayepewa kwa mara ya kwanza hadidu za rejea za kutathmini uwezo wa nchi wa kudhibiti viumbe vamizi, yaani mimea, wanyama na vijidudu vilivyotoka kwingine na kuleta madhara, huanza, karibu kila mara, kwa kukusanya nyaraka: sheria, kanuni, mikakati, miundo ya wizara na taarifa za warsha. Zikusanye, kwa kuwa huwezi kufanya kazi bila hizo, lakini usikae nazo muda mrefu. Ripoti iliyotolewa mwaka 2023 na IPBES, jukwaa la serikali za nchi mbalimbali kuhusu sayansi na sera za bioanuwai, ilionyesha kwamba asilimia 80 ya nchi zimeweka malengo kuhusu viumbe vamizi katika mipango yao ya bioanuwai, ilhali zenye sheria au kanuni zinazolihusu suala hilo mahususi ni asilimia 17 tu, na asilimia 45 haziwekezi katika udhibiti wake. Kazi ya mtathmini imo katika pengo hilo kati ya kilichoandikwa na kinachotendeka, na halionekani kwa mtu aliyeketi Dodoma akisoma majalada.

Ninachowashauri ni kuchagua kiumbe mmoja na kumfuata kutoka mlango alioingilia, au anaoweza kuingilia, hadi shambani au msituni, na katika kila kituo kuuliza maswali yale yale: nani angekuwa wa kwanza kumwona, angemtambuaje, angemwarifu nani, nani ana mamlaka ya kuamua, na fedha zingetoka kasma ipi. Mkoa wa Tanga unafaa sana kwa kujifunzia, maana bandari, kituo cha Horohoro mpakani na Kenya, michungwa ya Muheza na misitu ya Amani vyote vimo ndani ya mkoa mmoja, na unaweza kuvipitia bila kupoteza uzi wa maswali yako.

Bandarini, anza na kitu kidogo kama paleti za mbao zinazobeba mizigo. Kiwango cha kimataifa kiitwacho ISPM 15 kinataka mbao za kufungashia shehena zitibiwe, kwa mfano kwa kupashwa joto hadi nyuzi 56 za Selisiasi katikati ya ubao kwa muda usiopungua dakika 30, kisha zigongwe muhuri wenye alama ya nchi na herufi HT. Usiridhike kuambiwa kwamba muhuri hukaguliwa. Omba kuonyeshwa paleti iliyokataliwa, au walau kumbukumbu yake, na uulize iliwekwa wapi wakati uamuzi ukisubiriwa. Ikiwa hakuna mahali pa kuitenga, basi karantini ipo katika Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 lakini haijafika gatini, na hilo ndilo la kuandika.

Pima pia uwezo dhidi ya mzigo unaokuja, si ule wa jana peke yake. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na gati la Tanga na shehena ikashushwa kwa matishari. Leo kina kimeongezwa hadi mita 13 na meli hizo zinaweza kufunga gatini. Na huko Chongoleani ndiko mwisho wa bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Uganda. Meli inayokuja kupakia mafuta huja bila shehena, na ili isiyumbe baharini hubeba maji ya farumi katika matangi yake, maji yaliyochotwa bandari nyingine pamoja na viluwiluwi vya kaa, mbegu za mwani na vijidudu vingine vya huko. Mkataba wa kimataifa wa kusimamia maji hayo ulipitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika tarehe 8 Septemba 2017. Waulize wahusika nani atachukua sampuli, kwa chombo gani, na sampuli itapelekwa maabara ipi. Mkaguzi wa afya ya mimea hana kauli juu ya kaa. TASAC, shirika la uwakala wa meli, inasimamia masuala ya meli, NEMC, baraza la taifa la mazingira, inasimamia mazingira, na hifadhi ya bahari ya samaki aitwaye silikanti, iliyo katika pwani hii hii, ina kitengo chake. Waliotajwa ni wengi, lakini unayemtafuta wewe ni yule anayepaswa kuamka usiku simu ikipigwa. Mimi naona hili ndilo swali zito kuliko yote kwa Tanga ya sasa, na sijaridhika na tathmini yoyote inayoishia kwenye wadudu wa mazao.

Kutoka baharini panda Amani. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia huko mwaka 1902 na wakaleta mimea kutoka pande nyingi za dunia kuijaribu. Mti unaostahili kuangaliwa kwa makini ni mhesi, Maesopsis eminii, ambao asili yake inaanzia Afrika Magharibi na kufika hadi kanda ya Ziwa Viktoria, Kagera ikiwemo. Ulipandwa Usambara Mashariki kama mti wa mbao, ukakuta misitu iliyotobolewa na uvunaji, na kwa kuwa unapenda mwanga na hukua haraka, ukajaza matobo hayo. Hondohondo hula matunda yake na kudondosha mbegu mbali na mti mama, kwa hiyo hakuna mpaka wa shamba unaoweza kuuzuia.

Mhesi unamfundisha mtathmini mambo ambayo dodoso halimfundishi. Kwanza, asili yake imo pia ndani ya nchi hii hii, na mfumo wote uliojengwa juu ya bandari na forodha hauwezi kuuona mti unaotoka mkoa mmoja kwenda mwingine. Pili, uliletwa na wataalamu wa misitu wenyewe kwa nia njema, na mbao zake zina wanunuzi, hivyo anayetaka kuupunguza atakutana na mwanakijiji anayeutegemea. Kwa hiyo uwezo wa nchi unajumuisha uwezo wa kuamua pale ambapo kiumbe huyo huyo ni hasara kwa msitu na riziki kwa mtu, na uamuzi huo unahitaji kikao chenye mamlaka. Uliza kikao hicho kinaitwaje na kilikaa lini mara ya mwisho.

Kuhusu utambuzi, mfano mzuri ni viwavijeshi vamizi, wadudu waharibifu wa mahindi, walioripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kufika Tanzania mwaka 2017. Nchi ilikuwa tayari na mitego ya kufuatilia viwavijeshi wa kawaida, lakini mdudu mpya alihitaji jicho jipya: alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne meusi yaliyokaa mraba karibu na mkia. Nenda na picha za wote wawili kwa afisa kilimo wa kata, mwombe akuonyeshe tofauti, kisha angalia daftari lake. Linganisha tarehe aliyotuma taarifa na tarehe aliyojibiwa. Siku zilizopita kati ya hizo mbili zina maana kuliko idadi ya vyeti vya mafunzo vilivyotundikwa ukutani.

Fedha usizipitie juu juu, ingawa maswali yake ni machache: je, kuna fungu la dharura linaloweza kutoka kabla ya Julai, mwaka mpya wa fedha unapoanza, na kazi iliyokuwa ikiendeshwa na mradi inalipwa na nani mradi ukiisha?

Unapofika kuandika, kataa kutoa wastani. Nchi iliyopata alama 4 katika sheria na 1 katika ugunduzi wa mapema haina uwezo wa 2.5, kwa sababu mdudu hupita palipo na 1. Andika kila kituo peke yake na ueleze kinachokosekana kwa namna ambayo ofisa wa bajeti anaweza kukigeuza kuwa kifungu cha matumizi.

Namna ya kuzungumza na watu nayo ni sehemu ya kazi. Piga hodi kwa mkuu wa ofisi ukiwa na barua ya utambulisho kabla hujamfikia mkaguzi, kisha mkaguzi mwenyewe umsikilize akiwa kazini kwake. Ukimwuliza kama ana uwezo, atajitetea, naye ana haki. Ukimwomba akusimulie tukio la mwisho hatua kwa hatua, atakwambia hata usiloliuliza. Rasimu irudi kwake aisome kabla haijapanda wizarani.

Mwisho, usiifunge tathmini bila kwenda Horohoro. Nzi wa matunda kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na embe haliulizwi uraia. Waulize maofisa wa upande wetu kama wana namba ya simu ya wenzao wa Lunga Lunga, upande wa Kenya, na kama wameruhusiwa kuwapigia moja kwa moja, bila barua kuzunguka kwanza Dodoma na Nairobi.