Maswali na majibu: Chomoa betri kwanza, mengine yafuate

Shikamoo fundi. Nimebadilisha kioo mwenyewe. Simu inaita na kutetemeka, lakini kioo ni cheusi. Nimeuziwa kibovu? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Kabla hujarudi dukani kugombana, ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu nyingine na ukimulike kioo hicho kwa ubavuni. Ukiona saa na aikoni kwa mbali, kama kivuli, basi picha inafika. Kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo, na mara nyingi huuawa na mtu aliyechomeka flexi ya kioo (ule utepe wa nyaya unaokiunganisha na simu) huku betri bado imeunganishwa.

Nimeshajibu swali hili mara nyingi, na bado linakuja kila mwezi. Kuzima simu si kukata umeme! Simu iliyozimwa ina volti 3.7 hadi 4.2 za betri kwenye bodi ya saketi, ndiyo maana ukibonyeza kitufe inaamka. Pini za soketi ya kioo zimebanana mno. Flexi ikiingia upande upande, pini ya taa inagusa jirani yake, na fyuzi au koili ya njia ile ya umeme inaungua. Kazi ya bisibisi sasa imekuwa kazi ya hadubini na bloa (kipuliza hewa ya moto), na gharama yake ni nyingine kabisa.

Utaratibu haubadiliki: zima simu, toa trei ya laini, fungua mfuniko, ondoa bamba linalofunika soketi, chomoa betri. Baada ya hapo ndipo uguse flexi nyingine. Wakati wa kurudisha, betri iwe ya mwisho. Plagi ya flexi inyanyuliwe wima kwa ncha ya plastiki, usivute flexi yenyewe. Ukirudisha, itafute kwa ncha ya kidole bila kubonyeza mpaka uhisi imekaa mahali pake, kisha bonyeza upande mmoja, halafu wa pili. Ukibonyeza kabla haijakaa, pini zinalala na hazinyanyuki tena.

Na wale mnaojaribu vioo viwili vitatu dukani: kila mkitoa kimoja kuweka kingine, betri ichomolewe tena. Hapo ndipo wengi wanaponaswa, kwa sababu wanaona ni kujaribu tu.

Betri ya simu yangu imevimba hadi mfuniko umeachia. Rafiki ananiambia niitoboe kwa sindano hewa itoke. Ni sawa? (Msomaji, Tanga)

Hapana, na huyo rafiki usimpe simu yako. Iliyomo ndani si hewa ya pampu ya baiskeli. Ni gesi inayowaka, iliyotokana na kemikali za betri kuharibika. Ndani kuna tabaka za chanya na hasi zilizotenganishwa na utando mwembamba. Sindano ikipita, tabaka zinagusana, joto linapanda ghafla na betri inalipuka moto mkononi.

Acha kuichaji leo hii. Iache chaji iishe yenyewe, simu ikiwa mbali na kitanda na pazia. Usiikandamize ili mfuniko ufunge. Ukiikuta ya moto, inatoa sauti ya kufukuta au harufu tamu ya kemikali, itoe nje uwe mbali nayo. Kama imetulia na unajua kufungua, fanyia kazi nje au dirishani, na ndoo ya bati yenye mchanga mkavu iwe karibu. Betri iliyovimba haipigwi bloa. Gundi yake ilainishwe kwa spiriti ya aisopropili: matone machache pembeni, subiri dakika 3 hadi 5, kisha sukuma kadi ya plastiki polepole ikiwa imelala. Bisibisi bapa na kisu, marufuku hata kwa betri nzima. Ikishatoka, iweke kwenye mchanga huo uipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Ukiitupa kwenye takataka zinazochomwa uani, umewategea watoto bomu.

Kama hujawahi kufungua simu, betri iliyovimba isiwe ya kujifunzia.

Nimefunga simu, skrubu mbili zimebaki. Ina shida? (Msomaji, Nakuru)

Zilizobaki hazinitishi sana. Naogopa zile ulizofunga pasipo pake. Chukua iPhone 6: bamba moja tu linalofunika flexi za kioo lina skrubu za milimita 1.2, 1.7 na 3.1. Kwa macho hutofautishi ya kwanza na ya pili. Ndefu ikiingia tundu la fupi inazama ndani ya bodi na kukata nyaya zilizolala kwenye tabaka za ndani, ambako huwezi kuchomelea kirahisi. Ukihisi skrubu inakaza mapema, simama, usiongeze nguvu.

Dawa yake ni karatasi nyeupe. Chora umbo la simu, na kila skrubu unayotoa ibandike kwa selotepu pale ilipotoka. Kuzimwaga zote kwenye kifuniko cha soda ndiko kunakoleta swali lako.

Fundi alinisafishia gundi kwa thina, sasa pembe za kioo zina ukungu. (Msomaji, Zanzibar)

Thina inayeyusha plastiki na kuingia kati ya tabaka za kioo. Ukungu huo hautoki. Petroli vivyo hivyo. Tumia aisopropili ya asilimia 90 kwenda juu, kwenye kitambaa, usimwagie simu. Na usikubali supagluu kufungia mfuniko: mvuke wake unaacha weupe kwenye lenzi ya kamera, na fundi atakayefuata atavunja mfuniko ili kuingia. Gundi ya B-7000, raba za kubania, na subira ya saa 24.

Simu yangu ni IP68, kiwango cha kuzuia maji na vumbi. Baada ya kufunguliwa naweza kuingia nayo baharini?

Hapana. Gundi ya kuzuia maji ilikatika siku ilipofunguliwa.

Simu ilianguka kwenye maji ya chumvi, nimeiweka kwenye mchele siku tatu. Sasa nifanyeje?

Toa mchele. Chumvi imekuwa ikila bodi siku zote hizo tatu, na mchele haunyonyi chumvi. Usiiwashe wala kuichaji. Ifunguliwe leo, betri ichomolewe, bodi itolewe na kusuguliwa kwa mswaki laini na aisopropili ya asilimia 99, hasa chini ya vifuniko vya bati na ndani ya soketi, mpaka ukungu wa kijani uishe.