Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Hoteli Kujengwa Pwani

Safu ya mwezi huu imechukuliwa na barua tatu, mbili kutoka Pemba na moja kutoka Kizimkazi. Zote zinauliza kuhusu wageni, bahari na riziki. Barua ya kwanza imepewa nafasi kubwa zaidi kwa sababu mwandishi wake ana wiki tatu tu za kujitayarisha.

Swali

Assalaam alaykum Mhariri. Mimi ni katibu wa kamati ya wavuvi ya shehia moja katika Wilaya ya Micheweni. Amekuja mwekezaji anayetaka kujenga hoteli pembezoni mwa diko letu, pahala tunapoegesha vyombo na kushusha samaki. Ameahidi ajira kwa vijana, kisima kipya na ukarabati wa skuli. Wazee wanasita, vijana wanataka ujenzi uanze hata kesho, na mkutano wa shehia utafanyika baada ya wiki tatu. Tumuulize nini? Na huo utalii endelevu tunaousikia redioni, sisi watu wa kawaida tutaupima kwa kitu gani?

*Katibu, Micheweni*

Jibu

Wa alaykum salaam, ndugu Katibu. Kisima na skuli ni ahadi zinazoonekana kwa macho, na ndiyo maana hutajwa mwanzo. Nakuomba mkutano wenu uanze na yale yasiyoonekana, na la kwanza kati ya hayo ni maji yaliyo chini ya ardhi.

Sehemu kubwa ya pwani zetu imekaa juu ya jiwe la matumbawe, ambalo lina vitundu kama sifongo. Mvua inaponyesha maji matamu huzama ndani ya jiwe hilo na kuelea juu ya maji ya chumvi yanayoingia kutoka baharini, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi. Kisima cha kijiji kinachotekwa kwa ndoo huchota kidogo kidogo kutoka katika tabaka hilo la juu. Pampu kubwa inayovuta mchana na usiku hulipunguza tabaka hilo upesi kuliko mvua inavyolirudisha, na chumvi hupanda kushika nafasi yake. Uchunguzi uliofanywa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani na kuchapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia kwa wastani zaidi ya lita 3,000 za maji kwa siku. Kwa ndoo ya lita 20, hizo ni ndoo 150 kwa chumba kimoja.

Niliwahi kukaa wiki moja katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja. Kila alfajiri bibi mwenyeji wangu alishusha ndoo kisimani, akamimina maji kidogo kiganjani na kuyaonja kabla ya kujaza dumu. Kisima hicho kilichimbwa na babu wa mumewe na kwa miaka mingi hakuna aliyehitaji kuonja. Siku ya tatu alitema, akaniambia, "Haya ya kufulia. Ya kunywa tutanunua." Ukuta wa hoteli ulikuwa mwendo wa dakika mbili kutoka pale tuliposimama, na nyuma yake nilisikia maji yakinyunyiziwa majani ya bustani. Sijaisahau sauti ile, na ndiyo inayonifanya nikuandikie kwa urefu.

Basi swali lenu la kwanza liwe hili: maji ya hoteli yatatoka wapi, kiasi gani kwa siku, na nani atapima chumvi katika visima vyetu kabla na baada ya hoteli kufunguliwa? Akijibu kwamba atachimba kisima kimoja chake na kimoja chenu, mwambieni kwamba visima viwili vinavyochota tabaka moja havizidishi maji. Msikubali mkiambiwa kwamba hoteli haiwezi kuendeshwa kwa namna nyengine. Katika kisiwa cha Chumbe, ambacho mwamba wake ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, nyumba za wageni hazina kisima hata kimoja. Mapaa yake yamejengwa makubwa ili yakusanye mvua ya masika na kuiingiza katika birika lililo chini ya sakafu, maji ya kuogea hupashwa moto kwa jua, yakishatumika hupitishwa katika vitanda vya mimea inayoyasafisha, na vyoo ni vya mboji visivyotumia maji kabisa. Nyumba hizo ni saba tu. Mwekezaji wenu huenda akasema kwamba saba hazina faida. Hapo muulizeni yeye anataka ngapi na kwa nini, na jibu lake liandikwe katika muhtasari wa mkutano. Muulizeni pia maji machafu yatakwenda wapi, kwa sababu shimo la choo lililochimbwa katika jiwe lenye vitundu haliyazuii. Huishia visimani na kwenye mwamba mnaovua.

La pili ni pwani yenyewe, na hapa ndipo vijiji vingi vya Unguja vilipoteleza. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, na mwekezaji wa kigeni hukodishwa, hauziwi. Miti iliyo juu ya ardhi, hata hivyo, inaweza kuwa na mwenyewe, na kwa desturi fidia huhesabiwa kwa minazi, mikarafuu na mazao yaliyopandwa. Kila mwenye mnazi hupata chake, lakini njia ya kushukia baharini haina mnazi wa kuhesabiwa. Vivyo hivyo diko, pahala pa kuanikia dagaa, kivuli cha kutengenezea ngalawa, dago, yaani kambi ya wavuvi wanaokuja msimu wa kaskazi, na mawanda ya mwani. Siku ya fidia vitu hivyo havitajwi, na siku ya kujenga ukuta hupotea vyote kwa pamoja.

Kuhusu mwani nina neno la ziada, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar sasa hutoka Pemba na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Kazi hiyo hufuata bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kukupwa kupita kawaida. Maji yanapokupwa sana ndipo mkulima huteremka na vigingi vyake, kamba na taitai, yaani vikamba vya kufungia mbegu, na ana saa chache tu za kufunga mbegu na kuvuna kabla ya maji kujaa. Akilazimika kuuzunguka ukuta wa hoteli kwa nusu saa huku gunia la mwani mbichi likiwa kichwani, bamvua lake limekwisha nusu. Wanawake hao wawepo mkutanoni na wazungumze wenyewe. Katika mikutano mingi niliyohudhuria, pwani huzungumzwa na wanaume wenye vyombo, na wanaofanya kazi maji yakikupwa hukaa nyuma wakisikiliza.

Kwa hiyo kabla ya mkutano chukueni siku moja, nyinyi na akina mama, mtembee ukanda wote na kuchora ramani kwa mkono: njia zote, diko, dago, mawanda ya mwani, visima, makaburi na mizimu ikiwepo. Ramani hiyo mpeni sheha nakala, Halmashauri nakala na mwekezaji nakala, na mtake iambatanishwe na mkataba wa kukodisha ardhi. Ahadi iliyotolewa kwa mdomo chini ya mwembe humfunga aliyeitoa peke yake, na hoteli zinauzwa. Mmiliki wa pili atakwambia kwa upole kwamba yeye hakuwepo.

Sheria pia iko upande wenu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 inataka mradi kama huo ufanyiwe tathmini ya athari za mazingira na wananchi washirikishwe, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira. Ombeni ripoti hiyo isomwe kwenu kwa Kiswahili kabla ya mkutano. Msikubali karatasi ya mahudhurio mliyosaini siku ya mkutano igeuzwe kuwa ushahidi kwamba mmeridhia.

Kuhusu ajira nitasema kwa ufupi, si kwa sababu ni jambo dogo bali vijana wenu wataliuliza vizuri kuliko mimi. Wamtake aseme ni kazi zipi, kwa mafunzo gani, na kama samaki, mayai na mboga za jikoni zitanunuliwa Micheweni au zitaletwa kwa boti kutoka Bara, kama zinavyoletwa nyingi kwa hoteli za Unguja. Mkulima wa tungule mwenye mnunuzi wa uhakika kila wiki hupata riziki kutoka kwa utalii bila kuvaa sare.

Wazee wanaosita wasionekane kuwa wanazuia maendeleo. Katika miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kukikodisha kisiwa cha Misali kwa ajili ya hoteli, na wavuvi wa Pemba wakakataa. Kwao Misali ni pahala pa dago na pa ibada, kisiwa ambacho wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri aliwaomba wavuvi msala, yaani mkeka wa kuswalia, wakawa hawana, naye akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake. Mwaka 1998 kikatangazwa kuwa eneo la hifadhi, uvuvi ukaruhusiwa sehemu kubwa na ukazuiwa sehemu ndogo ya mwamba, wageni wakaja kwa siku moja na kulipa kiingilio, na masheikh wakafundisha katika madiko kwamba mwanadamu ni khalifa wa Mwenyezi Mungu juu ya ardhi na bahari. Wavuvi walikataa jambo moja wakakubali jengine, na wageni wakaendelea kuja. Hata nyinyi mnaweza kumjibu mwekezaji kwa masharti badala ya ndiyo au hapana.

Umeuliza kipimo. Mimi ningetumia kisima. Baada ya miaka mitano, mwanamke wa shehia yenu akiteka maji na kuyanywa bila kuyaonja kwanza, na akateremka kwenye mwani wake kwa njia ile ile ya bibi yake, nitaamini kwamba utalii wenu ni endelevu, hata kama hoteli ina vyumba kumi tu.

Swali

Mimi ni nahodha wa boti ya wageni Kizimkazi. Tunashtumiwa kwamba tunawasumbua pomboo. Mgeni analipa akitaka kuogelea nao, na nisipomkaribisha kwao hupanda boti ya mwenzangu. Nifanye nini?

*Nahodha, Kizimkazi*

Jibu

Ndugu Nahodha, kwanza nikupe haki yako. Kabla ya wageni kuanza kuja, pomboo wa Kizimkazi walikuwa wakivuliwa na nyama yao kutumiwa kuwa chambo cha papa. Ni riziki ya utalii iliyowafanya watu wa kwenu waweke chusa chini, tena ndani ya Ghuba ya Menai ambayo imekuwa eneo la hifadhi tangu mwaka 1997. Tatizo la leo limezaliwa na mafanikio hayo.

Pomboo huhitaji muda wa kupumzika na kunyonyesha, na jike huzaa mtoto mmoja tu kila baada ya miaka kadhaa. Boti nane zinapowazunguka na wageni kurushwa mbele yao, huacha kupumzika, huzama na kukimbia, na hayo hurudiwa kila asubuhi. Kundi linalosumbuliwa hivyo huweza kuhama, na siku hiyo wewe na mwenzako nyote mtakosa abiria.

Peke yako huwezi, hilo ni kweli. Lakini manahodha mnafahamiana kwa majina na mnaegesha pwani moja. Kubalianeni zamu, boti mbili au tatu tu kwa kundi moja, nyengine zisubiri mbali. Endeni polepole kutoka ubavuni, msiwakatie njia, na wakionyesha kukimbia waacheni. Mama mwenye mtoto asikaribiwe kabisa. Bei iwe moja, ili mgeni asipate faida kwa kuhama boti. Mwambieni tangu anaponunua tiketi kwamba anakwenda kuwaangalia, wala hakuna dhamana ya kuwaona. Na safari isiwe ya pomboo peke yao. Mna msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na ni wageni wachache wanaoletwa kuuona kwa utulivu na heshima inayostahiki.

Swali

Huku kusini mwa Mkoani tunataka kuufunga mwamba kwa miezi mitatu ili pweza wakue, kama walivyofanya Kisiwa Panza. Wengine wanasema hilo ni jambo la uvuvi, halihusiani na utalii. Ni kweli?

*Mchokoaji wa pweza, Mkoani*

Jibu

Dada yangu, linahusiana moja kwa moja, kwa sababu hoteli ni mnunuzi mkubwa wa pweza na bei yake ndiyo inayowavuta watu kuchokoa hata wadogo. Pweza hukua upesi mno, kiasi kwamba miezi mitatu inatosha kumwona wa nusu kilo akirudi akiwa na uzito wa kilo kadhaa. Lakini mwamba ukifungwa na mnunuzi akaendelea kuulizia pweza kila siku, atapatikana wa kuingia usiku. Kamati yenu iziandikie hoteli na wachuuzi mapema, iwatajie tarehe za kufunga na kuwaomba wasinunue pweza wa eneo lenu katika muda huo. Siku ya kufungua iwekwe katika bamvua, wachokoaji wote waanze kwa wakati mmoja, na wanunuzi waitwe wapime pale pale pwani, kwa mizani ya kamati na kwa bei mliyokubaliana kabla ya mtu yeyote kuingia majini.